Picha ya Nazario

Mama aliipokonya picha ya kaka yangu Nazario kutoka kwenye madhabahu tuliyowapambia wafu wetu kwa sikukuu yao, maua ya manjano yakamwagika sakafuni.

"Nani kaiweka hapa?"

"Mimi, mama," alisema mwanafunzi tuliyempa chumba, msichana aliyekuja Meksiko kujifunza mila zetu. "Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Hapa wanawekwa waliokufa! Mwanangu alitekwa, hajafa! Maiti yake umeiona wewe?"

Nta ya mshumaa ilikuwa imeganda kwenye jicho la Nazario. Mama akaikwangua kwa ukucha.

"Funga virago vyako, mjinga we!" nilimfokea yule msichana.

Hakusogea. Alikuwa anamtazama baba, aliyejiinamia mlangoni.

"Sema, baba. Waambie nani kanipa hiyo picha."