Rangi na Matunda

Simu iliita nikimsaidia mama kuanika michembe, vipande vya viazi vitamu, uani kwetu Masumbwe. Alikuwa Achol, mwanafunzi wangu wa Sudan Kusini, nilikojitolea kufundisha Kiingereza hadi mapigano yaliporudi tukaondolewa.

"Kizungu chenu hicho," mama alicheka nilipoanza kuongea, "hata kuku wamenyamaza."

Nilimuuliza Achol kama wako salama. Alitafuta neno. Nilikuwa nimemfundisha salamu, rangi na matunda tu.

"Mama yako yuko wapi?"

"Mama yuko hapa," alisema taratibu, kwa Kiingereza safi. "Mama ni mwekundu."

Utomvu wa viazi ulikuwa umenikaukia vidoleni.

"Anasemaje?" mama aliniuliza.

"Anakusalimia, mama," nilijibu.

Mama akainamia simu. "Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"