Meno Mapya ya Bi Tunu

Miaka arobaini Bi Tunu alitunga na kuimba jazi katika mji ule. Siku ya kumuenzi, akapanda jukwaani na meno mapya ya bandia, meupe kuliko sahani za wageni. Kufungua wimbo tu, meno yakapiga mluzi. Shebe, mpiga tarumbeta wake, akamnong'oneza, "Dada, leo umeniletea mpinzani. Tuahirishe?"

"Watu wamepiga pasi nguo zao, niwarudishe? Haya meno ni ya kupigia picha."

Akayatoa, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji juu ya piano, akaanza upya. Sauti ikatoka ile ile nzito waliyoijua. Mstari wa mbele, mzee mwenye tai akamtazama mkewe, kisha akaanza kuyalegeza meno yake, apate kuitikia.