Mate ya Theodora

Tegueni kitendawili hiki: vigelegele vimejaa uani, mwenye nyumba kajifunika kanga analia.

"Mama, umenisikia lakini?" Sajenti Anselm alirudia, kofia mkononi. "Ile mifupa ya kwenye shimo la dhahabu si ya mwanao Stanley. Maabara wamekataa. Wewe si mama wa yule mtu."

"Si nilisema!" Jirani wa Theodora, Evodia, alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. "Stanley yuko machimboni huko, kaoa, anaona haya kurudi mikono mitupu!"

Watu wakacheka. Miaka mitatu, tangu Stanley apotee, ua ule haukuwa umesikia kicheko.

Theodora alijifuta macho. "Baba, hakuna kipimo kingine?"

"Kituo chetu kina daftari na pikipiki mbovu, mama. Nguo zimeoza, simu haikuonekana. Tulikuwa na mate yako tu ya kupima DNA, na fomu iliuliza swali moja: mama ni huyu? Wamejibu. Kesho halmashauri inaizika ile mifupa kwa namba, bila jina."

"Kwa namba," alisema Theodora. "Kama ng'ombe."

"Acha kulilia wa wenzio, wewe!" Evodia akamvuta mkono. "Njoo ucheze!"

Selina, binti mkubwa wa Theodora, hakutoka jikoni. Kijiji kizima kilimsifu: dada kama huyu hakuna. Ndiye aliyezunguka machimbo yote na picha ya Stanley. Ndiye aliyembeba mgongoni tangu anazaliwa, yeye akiwa darasa la sita, mpaka shule yenyewe akaiacha.

Mama yake alimfuata, akafunga mlango.

"Nyamaza, mwanangu. Tutachekwa."

Selina aliendelea kusonga ugali uliokwisha kuiva. "Na hiyo namba, mama?"

Nje, walikuwa wameshaanza kupiga ngoma.

Asubuhi Selina alishuka kwenye bodaboda mbele ya kituo, vumbi hadi kwenye nyusi. Wanaume wawili walikuwa wanapakia sanduku dogo la mbao kwenye gari.

"Shikamoo, afande," alimwambia Anselm barazani. "Msizike. Pimeni tena."

"Marahaba. Dada, nenda kapumzike. Si tulishampima mama yake?"

Wale wanaume walisimama kusikiliza. Selina alitazama sakafu ya baraza, akavuta kiti, akakaa.

"Mlimpima bibi yake," alisema, akafungua mdomo.