Goti la Korongo

Nawapa hadithi ya Panya Buku, mama wa watoto saba, aliyeishi shimoni kando ya mikoko wakati bahari ilipoanza kupanda. Kila maji makuu ya bamvua yalipofika, aling'ata alama kwenye shina la mkoko. Alama ya mwaka huu ilikuwa juu kuliko mlango wake.

Baraza la mji, lililoongozwa na Kobe, likamwita Korongo, ndege wa miguu mirefu na mtaalamu wa maji, aamue kama wakazi wahame. Korongo akasimama majini, akaitazama miguu yake.

"Yananifika magotini tu," akasema. "Hakuna hatari. Nawashukuru wakazi kwa ushirikiano."

"Ushirikiano gani, bwana, na hujamuuliza mtu kitu?" Panya akadakia. "Goti lako liko juu ya kichwa changu. Alama zangu hizi hapa, za miaka mitatu."

"Mama, kung'ata mti si utaalamu."

Baraza likacheka, likagonga muhuri kwamba hakuna kuhama. Panya alishachoka kubishana. Akawabeba wanawe kilimani mmojammoja, safari saba, akachimba upya.

Bamvua iliyofuata, maji yakaingia mjini. Wanyama wakapanda kilima wakitweta, matope hadi masikioni. Korongo, mkavu tumbo na mgongo, akasimama mbele yao, akakohoa.

"Ndugu wakazi, leo nitawafundisha kupima maji."

Panya, aliyechoka kwa kuchimba, akainua kichwa kwa shida. "Keti, bwana. Maji hupimwa na anayezama."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kobe akasogea, akampisha Panya mbele.