Kosa la Marehemu Kobe

Ijumaa, saa tatu asubuhi, siku ya arobaini ya Kobe, Mbweha mjuaji alifika kukifunga kitabu cha hesabu ambacho marehemu aliwaachia wanyama wote wakiandike na kukisoma bure.

“Mumeo kaandika kuwa moja ni namba tasa. Namba tasa ina vigawo viwili, moja ina kimoja tu. Kitabu kifungwe,” akamwambia mjane wa Kobe.

Kanga na Panya, waandishi wa kujitolea, wakaanza kukunja mikeka. Mjane akawazuia.

“Hakifungwi, shemeji. Hapa aonaye kosa hulisahihisha mwenyewe. Kalamu hii.”

Wote walikuwa wakimtazama, basi Mbweha akaandika.

“Umeshakuwa mwenzetu, mjuaji,” Kanga akamwambia. “Pitia na ukurasa huu.”

Mjane akainua mikono. “Mola, msamehe Kobe makosa yake, hasa yale tusiyoweza kumsahihishia sisi. Amina.”