Pole kwa Tulinagwe

Siku hizi ukimwambia mtu pole, unauchukua uchovu wake wote, hata kwa simu. Ndiyo maana mtaani kwetu watu wanapishana na mizigo kichwani wakiambiana hongera. Hongera haina madhara.

Mama hajaacha kusema pole. Dada yangu Tulinagwe anachezea timu ya wasichana ya chuo, mpira wa magongo wa kwenye barafu, na kila mechi ikiisha anapiga simu. Mama anasema, "Pole, mwanangu." Tulinagwe anajibu, "Nishapoa," kesho yake anateleza kwenye barafu mwepesi, kama hakucheza jana. Magazeti yanamwita Chuma. Chuma chenyewe ni mama, kimelala hapa jikoni, mkono ndani ya unga wa chapati.

Jana simu ilipoita, niliiwahi.

"Tumeingia fainali! Wamenibana ukutani mpaka mbavu zinalia. Tunacheza kesho. Nipe mama."

"Hongera, dada."

"Hongera tu?"

"Mama hawezi hata kunyanyua mwiko, Tuli. Akibeba na uchovu huu, hataamka."

"Wakiniona nimechoka kesho, timu ya taifa ndiyo basi tena."

Mama akafumbua macho. "Lete simu."

Nikageukia ukuta, nikasema harakaharaka, "Pole, dada."

Nikaporomoka kando ya mama kama nguo iliyoanguka kambani.

"Nishapoa!" Tulinagwe alicheka, sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Asante, mdogo wangu. Halafu timu nzima imechoka, kocha anauliza, ukoo wetu una watu wangapi?"