Abiria wa Stoo

Siku hizi mtu hapewi kibali cha kupanda ndege ya kweli mpaka kwanza arushe ya kuigiza na kuizunguka dunia nzima, saa kwa saa. Tusekile alifunga mashine yake stoo, katikati ya magunia ya mchele, akaondoka Mbeya bila kutoka nyumbani. Mumewe, Ambakisye, akaweka kiti cha plastiki nyuma yake na kujifunga khanga kiunoni kama mkanda. Kwa siku arobaini walikula ugali juu ya bahari.

Leo asubuhi walitua. Skrini ikaandika: kibali kimetolewa, mtu mmoja.

"Mmoja?" aliuliza Ambakisye. "Kwani mimi nilikuwa wapi?"

"Inamhesabu rubani tu, Baba Lusajo."

Akaifungua khanga taratibu, akaikunja. "Basi nenda. Mwambie mwanetu Lusajo huko ng'ambo kwamba mjukuu wangu nitamwona kwenye picha."

Tusekile aliitazama mikono ya mumewe, ambayo tangu mwaka jana haitulii. Kisha akainuka, akamkalisha kwenye kiti cha rubani. Yeye akakaa kwenye kile cha plastiki, akajifunga khanga.

"Usiitazame mikono," alisema. "Tazama mbele. Mimi nipo hapa nyuma."